Daftari la Wagonjwa Waliotushinda

Mlinitaka niandike jambo la kuwafaa nyinyi mnaoanza kazi, na nimekaa siku kadhaa na karatasi mbele yangu bila ya kujua nianzie wapi. Nina miaka arobaini na minane. Nimestaafu kabla ya wakati wangu, kwa kuomba mwenyewe, na watu wa nyumbani wanasema ni kwa sababu siwezi kukaa pahala pamoja. Huenda ni kweli. Nimefanya kazi katika vituo kumi na kimoja, Unguja, Pemba na bara, na kila nilipozoea sauti za milango ya mahali nilianza kutafuta njia ya kuondoka. Vyeo vyangu na mishahara yangu mtaviona katika faili, kama panya hawajalimaliza. Hapa nitasema habari moja tu, ya vikao vyetu vya madaktari. Nyinyi leo mnavyo vikao vya kuelekezana, mnayo na fomu ya kujaza, na nimewaona mkiijaza upesi upesi kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa na daftari.

Nilianza kazi mjini mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Nilikuwa nimemaliza skuli ya sekondari na mafunzo ya udaktari msaidizi, na nilikuwa na koti jeupe lililoshonwa na fundi wa Mkunazini, ambaye alinipimia kama mtu atakayenenepa. Hospitali ilikuwa na vitanda vingi kuliko mikono. Madaktari wengi walikuwa wamekwenda zao, baadhi yao kwa kuaga na baadhi bila ya kuaga, na majina yao bado yalikuwa milangoni. Hapakuwa na mtu aliyethubutu kuyafuta, wala aliyeyataja.

Aliyenipokea alikuwa Daktari Himid, mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, aliyevaa kofia ya viua juu na koti la daktari chini. Ndugu yake mkubwa alikuwa mmoja wa waliokwenda bila ya kuaga. Kwa hiyo yeye, aliyebaki, alitiliwa shaka kuliko yule aliyeondoka. Watu walijiuliza amebakia kwa sababu gani.

"Shikamoo, Daktari," nikamwambia.

"Marahaba. Umeshatibu wangapi?"

"Katika mafunzo, wengi tu."

"Mgonjwa gani amekushinda?"

Nikafikiri. Nikamwambia bado hajatokea.

"Basi hujaanza kazi," akasema. "Nenda katafute koti linalokutosha."

Vikao vyetu vilikuwa kila Jumanne saa nane mchana, kazi ikishafungwa, katika chumba cha juu kilichokuwa cha kuwekea mashuka. Tulikuwa watano. Daktari Himid alikaa karibu na dirisha. Bi Zuhura, mkunga mkuu, alikaa mkabala naye. Alikuwa amewapokea duniani nusu ya watu wa mjini, na sisi alitutazama kama waliobaki kwenye hesabu. Alikuwepo daktari mgeni kutoka moja ya nchi rafiki, ambaye tukimwita Daktari Mrefu kwa sababu jina lake halikuwa na pahala pa kuvuta pumzi. Kiswahili chake alikitoa katika kijitabu na akakisema polepole, kwa adabu sana. Wa nne alikuwa Maulidi, daktari msaidizi kama mimi, mtoto wa Ng'ambo, mcheshi, fundi kuliko sisi sote wa kutafuta mshipa wa mtoto mdogo. Wa tano mimi.

Sheria ya kikao ilikuwa moja. Huleti mgonjwa uliyemponesha. Unamleta aliyekushinda, unasema ulikosa wapi, na wenzako wanakuuliza maswali bila ya kukukemea. Kisha unaandika habari hiyo kwa mkono wako katika daftari kubwa lenye gamba jeusi, na chini yake unatia jina lako kamili. Nilimuuliza Daktari Himid jina la nini.

"Kosa lisilo na jina kila mtu hudhani ni la mwenziwe," akanijibu.

Haikunichukua muda kupata la kuandika. Mara mbili kwa wiki nilikuwa nikienda kwenye kituo cha Kidichi, kwa gari la shamba, na sanduku langu la dawa mapajani. Siku moja alikuja mzee mchuma karafuu, anaumwa na tumbo, hajapata choo. Nikampa haluli ya kumwendesha tumbo. Baada ya siku mbili akaletwa mjini amebebwa. Alikuwa na ngiri iliyobana, na kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakufa. Daktari Himid alimpasua na mzee akapona, lakini Jumanne hiyo zamu ilikuwa yangu.

"Ulimvua nguo?" Bi Zuhura akaniuliza.

"Sikumvua."

"Kwa nini?"

"Mtu mzima, Bi Zuhura. Niliona haya."

"Utumbo wake haukuona haya."

"Bi Zuhura, maswali tu," Daktari Himid akamkumbusha.

"Hilo ni swali. Limekosa mkia tu."

Nikaandika, nikatia jina. Tangu siku hiyo hajapita mbele yangu mwenye kuumwa na tumbo asifunuliwe mpaka chini ya kinena, awe shekhe, awe mwari. Vitabu vilikuwa vimeniambia hayo na sikuyasikia. Nilikuja kuyasikia baada ya kuyaandika na kuyatilia jina langu.

Siku ya Alkhamisi ya wiki ya pili yake nilikuwa nateremka ngazi, nikakutana na Bwana Khatibu. Huyu ndiye msimamizi aliyeletwa kuiangalia hospitali. Kabla yake alikuwa karani bandarini. Hakuwa mkali. Alivaa makubadhi ya mpira na hukumsikia mpaka afike, na hilo lilitosha.

"Yule mzee wa Kidichi anaendeleaje?" akaniuliza.

"Mzee yupi, Bwana?"

"Wa ngiri. Uliyempa haluli."

Nikamjibu kwamba hajambo. Nilipofika chini nikarudia kichwani nilichokuwa nimeandika. Kadi ya mzee ilisema nimempa dawa ya tumbo. Neno haluli halikuwepo. Nililisema pahala pamoja tu, katika chumba cha mashuka, mbele ya watu wanne.

Nyinyi mmezaliwa baadaye, na baadhi yenu mna wazee ambao hawataki kuyasimulia. Siku zile kwenye mabaraza ya kahawa watu walizungumza habari ya samaki na mpira, na mtu akiingiza neno jengine wenziwe walimaliza vikombe vyao. Aliyejua mengi aliogopwa, na aliyeuliza mengi aliogopwa zaidi. Sasa fikirini watu watano wanajifungia chumbani kila Jumanne, wanaandika vitu daftarini, na vitu vyenyewe ni orodha ya raia waliodhuriwa, na majina ya waliowadhuru, kwa hati zao wenyewe.

Nikaanza kuhesabu nani anayepeleka maneno. Bi Zuhura mkwewe alikuwa mtu wa sare. Daktari Mrefu alikuwa na kijidaftari mfukoni, na alikuwa akiandika ndani yake hata tulipokuwa tunazungumza habari za mvua. Maulidi alikuwa ametokea na baiskeli mpya, na nilipomuuliza ameipata wapi alicheka tu. Nilikuwa nikilala na kuamka nikiwawaza watu hao watatu. Daktari Himid sikumtia katika hesabu. Nilimwona kama ndiye anayewindwa.

Halikunipitikia kwamba na wao walikuwa wanahesabu, mpaka siku Maulidi aliponiuliza, tukiwa tunachemsha sindano juu ya jiko la mafuta.

"Hivi weye jioni huenda wapi?"

"Natembea."

"Nnajua unatembea. Juzi umeonekana Shangani, jana Malindi, jana hiyo hiyo Vuga. Mtu hana mke, hana mchumba, hana biashara, anazunguka mji mzima kama posta. Unapeleka barua za nani?"

Alisema kwa kucheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye maji ya moto. Ni kweli nilikuwa natembea. Nimetembea hivyo katika kila mji niliofanyia kazi, na mpaka leo nikifunga macho naweza kuzipita zile njia za Mji Mkongwe kona kwa kona. Lakini tangu siku ile nikawa naona haya kutoka.

Hapo ndipo makosa yetu yalipoanza kuwa madogo. Hakuna aliyesema tufanye hivyo. Jumanne moja Bi Zuhura alileta habari ya mama aliyecheleweshewa uji. Jumanne ya pili Daktari Mrefu aliungama kwamba alisahau kuwasha taa ya kuchunguzia. Mimi nilileta habari ya bendeji iliyofungwa kwa kulegea. Maulidi akasema alisahau kujaza tarehe kwenye kadi. Tukaandika, tukatia majina yetu kamili, hati nzuri, wino safi. Daktari Himid alisoma ukurasa ule, akafunga daftari.

"Hongereni," akasema. "Spitali hii sasa hafi mtu kwa sababu yetu."

Tuliteremka ngazi mmoja mmoja, kila mtu akimpisha mwenziwe atangulie, kwa kuwa hapana aliyetaka kuwa na mtu mgongoni.

Katika wiki hizo ilifika dawa mpya ya sindano ya malaria, zawadi kutoka nje. Ilikuwa katika vichupa vya kioo vya kukata shingo, sura moja na vile vya zamani, ila hivi vilikuwa na mshipi wa buluu shingoni. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, hata Daktari Mrefu, maana haikuwa ya kwao. Tulifurahi kwa kuwa vya zamani vilikuwa vinakwisha. Maboksi yakagawiwa vituo vyote.

Jumatano moja nilikuwa zamu kituo cha Kiembe Samaki. Mama mmoja, Bi Mwajuma, alimleta binti yake wa miaka miwili, ana homa na anatapika hata maji. Vidonge visingekaa. Nikampima uzito kwa mizani ya karafuu tuliyokuwa tumeifunga kitambaa, nikakata kichupa cha mshipi wa buluu, cha kwanza kwangu, nikavuta kipimo kilekile nilichokuwa nikivuta kila siku, nikampiga sindano ya paja.

Sikuwa nimeiweka chini sindano mtoto alipolegea. Shingo ikaenda nyuma, midomo ikabadilika rangi. Nikamlaza juu ya meza, nikampulizia pumzi mdomoni kama Daktari Himid alivyotuonyesha, nikimbonyeza kifua kwa vidole viwili, na muda wote Bi Mwajuma alikuwa amesimama ubavuni mwangu akiuliza neno moja, bila ya kupandisha sauti.

"Umempa nini mwanangu? Umempa nini mwanangu?"

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Kisha mtoto akavuta pumzi, akakohoa, na akalia kwa hasira kama mtu aliyeamshwa bila ya sababu. Nilikaa naye mpaka adhuhuri imepita, mkono wangu kifuani mwake. Alipolala usingizi wa kawaida nilikwenda kwenye pipa la taka, nikatoa kichupa kitupu cha zamani, nikakiweka dirishani pamoja na cha mshipi wa buluu.

Maandishi hatukuyajua. Lakini nambari zilikuwa ni hizihizi tunazoandika sote, na ya kichupa kipya ilikuwa mara mbili ya ile ya zamani. Mtoto wa darasa la kwanza angeisoma. Tulipoona lugha ngeni tuliacha kusoma hata kile tulichokijua.

Nikarudi mjini moja kwa moja kwa Maulidi, kwa sababu kesho yake asubuhi yeye angekuwa kituoni na maboksi yaleyale. Nilimkuta barazani kwao anapangusa baiskeli.

"Yakhe," nikamwambia, "leo nusura nimuue mtoto."

Akaendelea kupangusa.

"Sindano ya malaria," nikasema.

"Ya mshipi wa buluu."

Mshipi sikuwa nimeutaja. Nikakaa chini.

"Tangu lini unajua?" nikamuuliza.

"Wiki ya tatu hii. Mbweni." Aliweka kitambaa juu ya kiti cha baiskeli, akakinyoosha kama anayetandika. "Nilimpiga saa tatu asubuhi. Saa nne walikuwa wanatafuta sanda."

"Kadi umeandikaje?"

"Homa ya kichwani."

"Na Jumanne yake hukusema?"

"Jumanne yake nilisema nimesahau kujaza tarehe kwenye kadi."

"Kadi ipi?"

"Hiyohiyo."

Nilinyanyuka nikataka kuondoka, akanishika mkono. Aliongea kwa haraka, kwa sauti ya chini, akiangalia njiani.

"Hebu fikiri. Dawa imetoka kwa marafiki. Ukisema dawa mbovu, umewatukana marafiki wa serikali. Ukisema umekosea weye, umeua mtoto wa mwananchi, na watakuuliza nani kakutuma. Toka wapi hapo? Nionyeshe mlango mmoja ntoke."

"Na watakaopigwa kesho?"

"Mie nshapunguza. Navuta nusu."

"Wewe unavuta nusu. Wengine je?"

Akachukua tena kitambaa chake. Ndivyo mambo yalivyokuwa jioni ile: kila kituo Unguja kilikuwa na boksi, asubuhi watoto wenye homa wangepangwa foleni, na waliojua tulikuwa wawili, mmoja ameshaamua kunyamaza. Kungoja Jumanne kulikuwa kungoja siku sita.

Nikaenda kumtafuta Daktari Himid kwake Sokomuhogo. Kabla sijafika mlangoni nilimwona anatoka, amebeba kitu bapa kilichofungwa gazeti. Ukubwa wake niliujua kwa kukitazama. Sijui kwa nini sikumwita. Nilimfuata nyuma, kona tatu, mpaka nyumba aliyokuwa akikaa Bwana Khatibu. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango kama mtu aliyezoea, akaingia, na baada ya muda mdogo akatoka mikono mitupu. Nilikuwa nimesimama kwenye meza ya muuza machungwa, nachagua.

"Toka huko nyuma ya machungwa," akasema. "Nimekuona tangu Sokomuhogo. Unatembea kama farasi."

Tukaenda pamoja. 

"Ni wewe," nikamwambia.

"Naam. Ni mimi. Kila Jumatano analisoma daftari, kila Alkhamisi ananirudishia. Aliniambia ama alisome, ama chumba kifungwe. Nikaona bora asome."

"Na hukutuambia."

"Mngejua linasomwa mngeandika uongo."

"Tumeandika uongo."

"Nimeona," akasema. "Nilitaka kufa siku ya ile bendeji."

"Ananijua kwa jina. Aliniuliza habari ya mzee wa Kidichi."

"Alikuuliza kwa sababu na yeye anayo ngiri. Anaogopa kisu. Ananiuliza kila wiki kama yule mzee bado yu hai."

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimewashuku watu watatu, na nimeacha kutembea, kwa sababu ya ngiri ya Bwana Khatibu. Ningeweza kucheka, na huenda siku nyingine ningecheka. Nikamwambia habari ya Kiembe Samaki. Sikumtaja Maulidi. Alisimama katikati ya njia hata mwenye mkokoteni akatutukana. Akaniuliza nambari, nikamwambia. Akaniuliza mara ya pili.

"Naweza kurudi pale sasa hivi nikamwomba gari likakusanye maboksi," akasema. "Lakini hatatoa gari kwa maneno ya njiani, na mimi neno langu kwake ni neno la mtu mwenye ndugu aliyetoroka. Atataka maandishi. Atataka jina. Niseme la nani?"

Nisingependa mdhani nilikuwa shujaa. Nilifikiria kumwambia aseme hajui. Nilifikiria boti ya Dar es Salaam. Nilimfikiria hata yeye, kwamba huenda huu nao ni mtego, na kwamba mtu aliyeficha la daftari mwaka mzima anaweza kuficha na jengine.

"Langu," nikasema.

Kikao kilikuwa kesho yake, Alkhamisi, saa moja asubuhi kabla vituo havijafunguliwa. Bwana Khatibu alikaa kwenye kiti cha Daktari Himid, daftari mbele yake. Nikasimama nikasoma niliyoyaandika usiku ule: uzito wa mtoto, kipimo nilichovuta, nambari ya kichupa cha zamani na ya kipya, kilichotokea. Nikaviweka vichupa viwili mezani.

"Kwa hiyo dawa ni mbovu," Bwana Khatibu akasema.

"Dawa ni nzima, Bwana. Ina nguvu mara mbili. Hatukusoma."

"Nyie nani?"

"Mimi, Bwana. Mimi sikusoma."

Daktari Himid, aliyekuwa amesimama dirishani, aliuliza kama yupo mwengine. Nikasikia makubadhi ya Bwana Khatibu yakisuguana chini ya meza.

"Mie," akasema Bi Zuhura. "Wodini, Ijumaa iliyopita. Alizimia akarudi. Nikajiambia ni udhaifu."

Daktari Mrefu akanyanyua kidole kama mwanafunzi. "Na mimi. Mmoja. Yeye pia alirudi."

Wenzangu watatu walikuwa wamekaa nami meza moja, tunaambiana habari za uji na bendeji, na kila mmoja wao ana mtoto wake mfukoni. Nikamtazama Maulidi. Alikuwa anatazama mbao za meza. Daktari Himid alimngoja, akamngoja sana, kisha akasukuma daftari kwa Bi Zuhura ili aandike.

Gari lilitoka saa mbili kasorobo. Jioni maboksi yote yalikuwa chumba cha mashuka, na sisi watano, Maulidi naye, tulikaa tukitia wino mwekundu shingo ya kila kichupa na kuandika karatasi ya kipimo cha nusu. Kwa ninavyojua mimi, hapakuanguka mtoto mwengine kwa dawa ile.

Wiki iliyofuata nilipata barua ya uhamisho kwenda Pemba, siku tatu za kujitayarisha. Daktari Himid aliambiwa apumzike, na hakuambiwa mpaka lini. Bi Zuhura hakuguswa, kwani wake za wakubwa nao wanazaa. Daktari Mrefu alimaliza mkataba wake, na kabla hajaondoka alimpasua Bwana Khatibu ngiri yake, salama. Daftari lilibaki afisini, na kikao kikafa.

Mwaka wa sabini na moja niliitwa Unguja kwa mafunzo ya wiki mbili. Maulidi alikuwa ndiye anayewaongoza madaktari wasaidizi wapya, na alikuwa amevirudisha vikao, chumba kingine, saa nane ileile. Alinikaribisha nikae nyuma nisikilize. Alifundisha vizuri; sijaona aliyefundisha vizuri kuliko yeye. Akawasimulia habari ya vichupa, mwanzo mpaka mwisho, bila ya kukosea kitu.

"Mwenzetu mmoja," akasema, "alipoteza mtoto Mbweni kwa kutosoma nambari."

Na aliposema hivyo alinitazama, sijui kwa kukusudia au kwa kushikwa na macho yangu. Vichwa vyote vikageuka. Niliona nyuso zao, zile za heshima na huruma anazopewa mtu aliyeua. Ningeweza kunyanyuka. Lakini walikuwa wameshainama tena wanaandika, na nilisoma kwenye daftari la aliyekaa mbele yangu: soma nambari ya kila kichupa, kila mara. Nikanyamaza. Nimejiuliza tangu hapo kama ule ulikuwa wema au ni ile tabia ya siku zile, na sijapata jibu la kuniridhisha.

Alinisindikiza mpaka langoni.

"Umekasirika," akasema.

"Walikuwa wananitazama mimi."

"Ningesema ni mie wangeniondoa. Halafu nani angewafundisha?"

"Daktari Himid naye alikuwa na sababu kama hiyo, alipokuwa akilipeleka daftari kwa Bwana Khatibu."

"Basi andika weye," akasema. "Ukishastaafu. Mie nikiwa hai au nshakufa."

Wengi wenu mmefundishwa na Maulidi, au na waliofundishwa naye, na najua habari ya Mbweni mnayo, na najua mnadhani ni yangu. Wangu alikuwa yule wa Kiembe Samaki. Nimestaafu mwezi uliopita. Maulidi yu hai, naye ameshastaafu, na sikutaka kufanya jambo nyuma ya mgongo wake. Ya namna hiyo tumeyafanya ya kutosha. Maandishi haya nilimpelekea kwanza yeye. Yalikaa kwake siku nne, na siku zote nne nilimshuku kwamba ameyachoma.

Yalirudi jana. Hakufuta hata neno moja. Pembeni, pale nilipoandika habari ya Mbweni, ametia kwa hati ndogo jina la mtoto, ambalo kwa miaka yote hii sikulijua, na uzito wake. Jina silitaji, kwani wazazi wake wapo. Uzito ni kilo kumi na moja na nusu.